Sukari Isiyo na Rangi

Mwaka 1974 mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, alieleza jinsi ya kupima oksijeni iliyomo katika damu kwa kuumulika mwili tu, bila sindano. Wazo lake ndilo lililozaa kile kibanio kidogo ambacho wauguzi hukibana kwenye kidole cha mgonjwa, na ambacho wakati wa UVIKO-19 kiliingia hata majumbani. Swali lililofuata lilikuwa jepesi kuuliza: kama taa inaiona oksijeni, itashindwaje kuiona sukari?

Imeshindwa kwa miongo kadhaa, na chanzo ni rangi. Himoglobini iliyobeba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Ikishautua mzigo huo huwa nyekundu iliyokoza, hivyo kihisi kina tofauti ya kushika. Glukosi haina rangi. Isitoshe, ni kidogo mno: damu yote ya mtu mzima mwenye afya, lita 5 hivi, ina gramu 4 au 5 tu za glukosi, yaani kijiko kimoja cha chai. Mionzi ya infraredi inayoweza kuigusa hufyonzwa zaidi na maji, nayo yamejaa mwilini. Halafu kuna jasho, joto la ngozi, mafuta, hata jinsi mkono ulivyokandamizwa kwenye kifaa. Yote hayo huvuruga kipimo kuliko sukari yenyewe inavyokibadilisha.

Kinachochekesha ni kwamba mwanga ulikuwemo tangu mashine za mwanzo za kupima sukari. Anton Clemens, mhandisi wa kampuni ya Ames huko Elkhart, Indiana, aliunda chombo cha kusomea Dextrostix, kijikaratasi kilichogeuka bluu kilipodondoshewa damu. Mashine hiyo, yenye uzito wa zaidi ya kilo moja, ilifika sokoni mnamo 1970. Taa ilimulika kijikaratasi, kihisi kikapima mwanga uliorudi, na namba ikapatikana. Ilifaulu kwa sababu kemia ilikuwa imekwisha kuipa taa rangi ya kusoma. Waliotaka kuondoa adha ya kutoboa kidole waliitaka taa ifanye kazi hiyo peke yake.

Diasensor 1000, ya kampuni ya Biocontrol Technology ya Pittsburgh, ndiyo iliyolikaribia lengo hilo kuliko nyingine za wakati wake. Ilikuwa mashine ya mezani. Mgonjwa alilaza mkono juu yake na infraredi ikapenya ngozi. Februari 1996 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, liliikataa. Ushahidi haukutosha.

Aliyeonyesha vizuri zaidi mtego ulipo ni Mark Arnold, mkemia wa Chuo Kikuu cha Iowa. Yeye na wenzake waliandaa sampuli za kuigiza nyama ya mwili, zisizo na hata chembe ya glukosi, wakazimulika, kisha wakayapa matokeo namba za sukari kana kwamba yametoka kwa mtu. Kompyuta iliyalinganisha na kutoa kanuni ya kukadiria sukari iliyoonekana kufanya kazi. Sukari yenyewe haikuwepo! Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1998, ulipaswa kubandikwa mlangoni pa kila maabara ya fani hii, maana ulithibitisha kuwa mashine inaweza kufuata mabadiliko ya jambo lingine kabisa na bado ikampendeza mwenye nayo.

John L. Smith, aliyewahi kuwa mwanasayansi mkuu wa kampuni ya vipima sukari ya LifeScan, aliandika kitabu kizima kuhusu juhudi hizi na kuziita uwindaji wa batamzinga mdanganyifu. Jina alilichukua kwa Mark Twain, katika kisa cha ndege anayejifanya kilema ili mwindaji azidi kumfuata.

Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, wakishirikiana na wanasayansi wa Samsung, walitumia mbinu iliyotokana na ugunduzi wa mwanafizikia C. V. Raman wa mwaka 1928: miale ya leza ikigonga molekuli, sehemu ndogo hurudi ikiwa imebadilika kulingana na molekuli iliyogongwa. Waliimulika ngozi ya masikio ya nguruwe na kuiona alama ya glukosi yenyewe, si makisio ya kompyuta. Chombo chao kilikuwa na ukubwa wa printa ya mezani.

Wafanyabiashara hawakusubiri. Saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi zilijaa mitandaoni, hata Februari 2024 FDA ikatangaza kwamba haijaidhinisha hata moja. Kwa anayejidunga insulini, namba ya uongo inaweza kumwangusha ndani ya saa chache. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya ziada ya kuuliza maswali: utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa hata kile kibanio cha oksijeni kilikosa kubaini upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe.

Kihisi cha mwanga kilichofanikiwa kupata kibali ni Eversense, nacho hakikai juu ya ngozi. Daktari huchana ngozi ya mkono, juu ya kiwiko, na kukipachika humo. Kemikali iliyomo hung'aa kulingana na glukosi iliyopo. Kilipoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kilidumu siku 90, na toleo la 2024 hudumu mwaka mzima. Aliyenacho bado hutoboa kidole, walau mara moja kwa wiki, ili kukisahihisha.