Kabla ya kompyuta, marehemu alisemewa na mtani

Wazaramo wa Kisarawe hawakungoja kompyuta ili marehemu azungumze tena. Kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe, naye ni mtani. Watu wakiwa wamekaa mkekani msibani, anaingia amevaa kanzu ya marehemu na kofia yake, kailaza upande uleule. Anakohoa kama yeye, anapaza sauti kuelekea ndani kuuliza chai yake imefia wapi. Kama marehemu alikuwa bahili, mtani anahesabu sarafu mbele ya watu na kuzirudisha kibindoni. Kama alipenda tembo, anapepesuka. Kicheko kinatoka hata kwa waliokuwa wakilia, na hakuna wa kukasirika, maana mtani hakasirikiwi.

Siku hizi ipo programu ya akili bandia. Unaipa picha, dakika chache za sauti na meseji za zamani, nayo inakuundia mfano wa mtu unaochezesha midomo na kujibu maswali. Mwaka 2020 televisheni ya MBC ya Korea Kusini ilimwonyesha mama aliyevishwa miwani ya kompyuta akikutana na mfano wa bintiye aliyefariki. Mwaka 2025, katika mahakama moja ya jimbo la Arizona, Marekani, ilionyeshwa video iliyoundwa kwa akili bandia, ya mtu aliyeuawa kwa risasi 2021 akimsemesha muuaji wake. Maneno aliyosemeshwa yalikuwa yameandikwa na dada yake.

Mtani angeielewa kazi ya huyo dada mara moja, isipokuwa angeuliza mbona kasoro za kaka hazikutajwa.

Huyo mtani alitoka wapi? Wengi huueleza utani wa Wazaramo na Wanyamwezi na Wasukuma kwa habari za misafara. Karne ya 19 wapagazi waliteremsha pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, wakipita bonde la Ruvu, pande ambazo leo tunaziita Kibaha na Mlandizi. Wazaramo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857, hakuacha kuilalamikia. Lakini hongo na ugomvi ni nusu tu ya habari. Mpagazi akifia njiani, ndugu zake wako mwendo wa miezi. Lazima awepo mtu wa kumchimbia kaburi. Waliokuwa wakigombana wakawa wazikanaji, na matusi yakabaki kama mzaha. R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika miaka ya 1940. Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege kule Amani, Usambara. Sijui ndege walimruhusuje.

Baada ya mazishi kulikuwa na mti. Wazaramo walichonga nguzo za makaburi, nyingine zikiwa na mwana hiti juu yake: kiwiliwili kisicho na mikono wala miguu, nywele zimesukwa mafungu mawili, uso haufanani na wa mtu yeyote. Umbo hilohilo mwali alipewa akiwa ndani. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeandika kitabu juu ya ibada na alama za Wazaramo mwaka 1970, alionyesha jinsi mambo ya kuzaa na ya kufa yalivyofungamana kwao. Nguzo haikukusudiwa kufanana na marehemu. Sura yake ilitafutwa kwa wajukuu, ambao ndio waliobeba jina.

Halafu ikaja picha ya studio, ikaja redio na matangazo ya vifo, ikaja kanda. Sauti ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki 1999, ingali inasikika redioni. Kwa hotuba nyingi hivyo zilizorekodiwa, hakuna Mtanzania aliye rahisi kuigizwa kuliko yeye. Hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Kanda hurudia alichosema. Programu humtungia asichosema, na kwa sauti ileile.

Bibi wa kule Maneromango, Kisarawe, akiundiwa mfano wake, atapata shida ya aina nyingine. Programu hizi zimelishwa zaidi Kiswahili cha aina ya taarifa ya habari. Kizaramo chake, na namna anavyokatiza sentensi kumfukuza kuku, havimo. Mjukuu atajibiwa kwa usanifu mtupu, na kwa upole ambao bibi hakuwa nao.

Mtani ana mipaka inayojulikana. Anaigiza mbele ya watu waliomjua marehemu, kwa hiyo akidanganya anazomewa. Anadai fedha yake hadharani, tofauti na kampuni inayokata ada kila mwezi. Tanga likianuliwa, anavua kanzu na kwenda zake.

Nguo zilizobaki hugawanywa, na kwa Wazaramo, wanaofuata ukoo wa mama, mjomba ana neno katika hilo, hata pale sheria ya Kiislamu ya mirathi inapofuatwa. Kwa sauti zilizo kwenye simu ya marehemu utaratibu huo haupo. Mwenye neno la siri la simu ndiye anayeamua, na mara nyingi ni kijana mdogo kuliko wote nyumbani, ambaye hakuitwa hata kwenye kikao cha ukoo.