Dalili na Ugonjwa: Matende na Mshipa katika Bonde la Mto Tana

Kabla ya kuisimulia historia ya utambuzi wa maradhi, yafaa tutenganishe dhana mbili: dalili, yaani kile kionekanacho mwilini, na ugonjwa, yaani chanzo chake na mwenendo wake. Huko Garsen, wanakokutana Wapokomo na Waorma kwa Kiswahili, lugha imetaja dalili, kama ilivyo kwingineko pwani. Mguu uliovimba huitwa matende. Mfuko wa korodani uliojaa maji huitwa mshipa, au busha. Majina ni mawili, lakini mara nyingi chanzo ni kimoja: mnyoo wa filaria, aenezwaye na mbu. Kinyume chake, neno mshipa hutumika pia kwa ngiri, ambayo haihusiani kabisa na mnyoo huyo.

Mwaka 1877, huko Amoy, China, Patrick Manson aligundua kwamba mbu humbeba mnyoo huyo. Baadaye ilidhihirika kwamba viluwiluwi vyake hujaa katika damu ya ngozini wakati wa usiku. Basi damu iliyotolewa mchana iliweza kuonekana safi chini ya hadubini, na mgonjwa akarudishwa nyumbani na ugonjwa wake. Ni katika miaka ya 1990 tu ndipo vilipopatikana vipimo vya antijeni visivyongoja usiku.

Hata hivyo, kila kipimo hutanguliwa na swali. Mwuguzi aulizaye, "Una mshipa?" ameuliza maswali mawili kwa neno moja. Kuyatenganisha ni kazi ya tabibu, na pia ya mtunga kamusi.