Zifahamu saa za kifahari za masultani wa Zanzibar

Ukiwa stendi ya Bariadi ukaambiwa basi linaondoka saa 12 asubuhi, simu yako inasoma 6:00 na wala hushangai. Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyofuatwa na saa ya mnara wa Beit al-Ajaib, jumba la sultani kule Unguja.

Masultani walipenda saa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani chini ya jina la Emily Ruete, zikachapishwa mwaka 1886. Anaeleza kuwa saa za kila aina zilipangwa ukutani pamoja na vioo vikubwa. Nyumba moja tu ungeweza kukuta mkusanyo mzima.

Anasimulia pia kuwa jioni katika kasri la Beit al-Sahil kilizungushwa kinanda cha mkono, au masanduku makubwa ya muziki yalitiwa ufunguo yakapiga yenyewe.

Yalipigaje bila mtu? Ndani kuna springi inayozungusha silinda yenye pini ndogo ndogo. Kila pini ikipita inagusa jino la chuma, jino linatoa sauti yake. Ukipanga pini vizuri, unapata wimbo.

Ulaya mafundi waliongeza sanamu zinazotembea. Mfano ni Saa ya Tausi iliyotengenezwa na James Cox wa London na kununuliwa na Grigory Potemkin wa Urusi mwaka 1781. Bundi anageuza kichwa, tausi anakunjua mkia, jogoo anawika. Ipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Hermitage, St Petersburg.

Za Zanzibar hazikuwa na bahati hiyo. Tarehe 27 Agosti 1896, meli za kivita za Uingereza zilishambulia makasri kwa dakika zisizozidi 45. Beit al-Sahil likabomolewa. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilibaki limesimama, ila mnara wa taa uliokuwa mbele yake uliharibika. Jumba lilipokarabatiwa mwaka 1897, likawekewa mnara wa saa.

Mashine ilikuwa ya kigeni, lakini mishale yake iliwekwa kwa majira ya wenyeji: jua likizama ni saa 12, lisaa linalofuata ni saa 1 usiku. Huku karibu na ikweta jua halibadiliki sana, ndiyo maana hesabu hii inafanya kazi mwaka mzima, Unguja hata Simiyu.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara huo wakati wa ukarabati. Watu wawili walifariki.

Kwa hiyo mara nyingine mgeni akikuuliza kwa nini 6:00 unaiita saa 12, mwambie hata saa ya sultani ilisoma hivyo.