Nyumba ya Rehani Inayonadiwa Same

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mfanyabiashara wa Tanga, alinijia na kipande cha gazeti. Benki ilitangaza kunadi nyumba mjini Same kwa sababu mwenyewe ameshindwa kulipa deni. Alisikia itauzwa rahisi, akaniuliza kama yafaa kuinunua. Sikumjibu siku ile. Nilimweleza kwanza habari za rehani, nazo nakuletea nawe.

Rehani si jambo geni kwetu. Qur'ani yaitaja katika Suratul Baqara, aya ya 283, na Mtume wetu (S.A.W.) alifariki dunia na deraya yake iko rehani kwa Myahudi, kwa ajili ya shayiri ya watu wa nyumbani mwake. Kilichotuharibia pwani ni hila. Unguja na Pemba palikuwa na bei ya khiyari: mwenye shamba la mikarafuu humwuzia tajiri shamba lake kwa sharti la kulikomboa, kisha hubaki mle mle akimlipa kodi. Kodi ile, wallahi, ni riba iliyovishwa kanzu! Bei ya karafuu ilipoanguka, madeni yakawalemea watu, hata serikali ya Kiingereza ikatoa dikrii mwaka 1934 kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasipite mikononi mwa wengine bila idhini.

Upare ulisalimika na balaa hilo. Kule milimani shamba lilikuwa la ukoo, na maji ya ndiva yaligawanywa kwa zamu. Hapakuwa na karatasi ya kumkabidhi mkopeshaji. Sheria ya mwaka 1931 nayo ilifanya iwe vigumu kwa asiye Mwafrika kumshitaki Mwafrika kwa deni ambalo ofisa wa serikali hakuliidhinisha. Ilikuwa kinga, lakini pia ilimfungia mtu mlango wa mtaji. Mabenki yalitaifishwa mwaka 1967. Ya watu binafsi yakaruhusiwa tena kwa sheria ya 1991. Hapo hati ya nyumba ikawa mali ya kukopea, na katika mji kama Same, ulio chini ya mlima kando ya reli ya Tanga na Moshi, mwenye hati akaitwa tajiri. Wengi hawakufahamu kuwa hati ile ile ndiyo itakayowatoa nje.

Sasa sikiliza sheria yasemaje. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, pamoja na marekebisho ya 2008, yataka mdaiwa apewe notisi ya siku 60 kabla benki haijachukua hatua. Mnada wa ardhi hutangazwa siku 14 kabla. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa robo nzima au zaidi, hudhaniwa kuwa benki haikutimiza wajibu wake, na mdaiwa aweza kwenda mahakamani kuomba uuzaji ubatilishwe. Basi ule urahisi unaoufurahia ndio unaoweza kukuletea kesi. Mnunuzi wa nia njema hulindwa. Aliyeijua hila hana kinga. Na kama nyumba iko juu mlimani, katika ardhi ya kijiji, Sheria Na. 5 ya mwaka huo yaipa halmashauri ya kijiji neno lake.

Khasa, uliza habari za mke. Tangu Sheria ya Ndoa ya 1971, nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzake.

Nilimwambia kijana, usiende kwa dalali kwanza, nenda Same ukaione nyumba mchana, na uwasalimu waliomo. Akaenda. Alimkuta mama mmoja uani akipepeta mahindi, watoto wako shule. Alimwamkia, akakaribishwa maji, ndipo akamwuliza kwa adabu kama alitia saini mkopo ulipochukuliwa. Yule mama akaliweka ungo chini, akauliza, "Mkopo gani, mwanangu?"