Swali la Mtoto wa Kidato cha Pili

Binti yangu ni muuguzi huko Ujerumani, na ameishi huko miaka mingi. Nilipotimiza umri wa miaka sabini na minne aliniambia kwamba safari hii zawadi yangu haitakuwa shati wala redio. Ningekwenda kukaa naye mwezi mmoja, na katika mwezi huo tungepanda meli ya matembezi na kuuzunguka upande wa magharibi wa Bahari ya Mediterania kwa muda wa siku saba. Alituma barua ya mwaliko, akalipa nauli, nikapata viza ya kuingia Ulaya zaidi ya mara moja. Nami, ambaye meli niliyoizoea ni ile ya kwenda Pemba, nikajikuta mwezi wa Septemba nimesimama katika bandari ya Genoa, Italia, nikiitazama meli ndefu kwenda juu kama jengo la ghorofa, mpaka kofia ikanidondoka.

Lakini nitasema kweli, ndugu msomaji. Si starehe iliyonipeleka. Kabla ya kukubali niliomba kwanza nisomewe ratiba: Genoa, Civitavecchia, ambayo ni bandari ya kuendea Roma, Palermo katika kisiwa cha Sisilia, La Goulette, bandari ya Tunis, kisha Barcelona, Marseille, na Genoa tena. Niliposikia Tunis nikasema nitakwenda. Pembeni mwa Tunis ndipo ulipokuwa mji wa Carthage, na mji huo nina deni nao la karibu miaka hamsini.

Deni lenyewe ni hili. Mwaka 1977 nilikuwa mwalimu kijana wa historia katika shule moja ya sekondari ya bweni mkoani Tanga. Mtaala wetu ulihusu zaidi Afrika, na ndivyo ilivyopasa. Hata hivyo, katika maktaba vilibaki vitabu vya wakati wa Mwingereza, na kila Ijumaa jioni, katika klabu ya historia, nilipenda kuwasimulia wanafunzi vita vya Roma na Carthage. Nilisimulia vizuri, sina haja ya kuficha. Nilieleza jinsi Hannibal alivyovuka milima ya Alps mwaka 218 K.K. akiwa na tembo 37, jinsi alivyoliangamiza jeshi kubwa la Warumi huko Cannae mwaka 216 K.K., na jinsi Roma hatimaye ilivyookoka. Neno hilo hasa ndilo nililolitumia, kuokoka, kana kwamba Roma alikuwa jamaa yetu aliyelazwa hospitali akapata nafuu.

Mvulana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu," akauliza, "sisi tulikuwa upande gani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikadhani ananifanyia dhihaka. Nilimtoa nje, nikampa fyekeo, akafyeka majani nyuma ya bweni mpaka jua likazama.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mjinga siku ile nilikuwa mimi, maana sikuwa na jibu, na mwalimu kijana asiye na jibu hukimbilia adhabu. Nimestaafu, nimezeeka, na swali lile halijaniacha.

Basi tukaondoka Genoa. Nahodha alikuwa Mwitaliano, aliyetusafishia chumba alitoka Indonesia, na aliyetuletea chai alitoka Bukini. Siku ya pili tulishuka Civitavecchia na kupanda treni ya kwenda Roma, mwendo wa saa moja hivi. Huko tukaungana na kundi la watalii, tukatembezwa kati ya nguzo zilizovunjika, na aliyetuongoza aliitaja Carthage kwa sentensi moja tu: adui mkubwa aliyeshindwa.

Sikumlaumu. Alisema nilichokuwa nikisema mimi. Karibu yote tunayoyajua juu ya vita vile tumeyapata kwa watu wawili. Mmoja ni Polybius, Mgriki aliyekuwa rafiki wa ukoo wa Scipio, ukoo wa majemadari walioishinda Carthage. Wa pili ni Livy, aliyeandika kwa Kilatini zaidi ya miaka 150 baada ya Hannibal kushindwa. Watu wa Carthage nao walikuwa na vitabu vyao, lakini mji ulipoangamizwa maktaba zao zilitolewa kwa wafalme wa jirani, na baraza la Roma liliamuru kitabu kimoja tu kitafsiriwe kwa Kilatini, nacho kilihusu kilimo, kazi ya mtu aitwaye Mago. Hata hicho kimepotea, yamebaki mafungu machache yaliyonukuliwa na wengine. Mwamba ngoma huvutia kwake. Nami, huko Tanga, niliipiga ngoma ya watu bila kuuliza aliyeiwamba.

Siku ya tatu tulikuwa Palermo, na hapo nilipata jambo ambalo sikulitegemea. Katika karne ya 12 Sisilia ilitawaliwa na Roger wa Pili, mfalme Mkristo wa ukoo wa Wanormani, ambaye jumba lake lingali limesimama. Ndani yake mna kanisa dogo lenye dari la mbao lililochongwa na kuchorwa kwa ufundi wa Kiislamu. Mfalme huyo alimwajiri mwanachuoni Mwislamu, al-Idrisi, amwandikie kitabu cha nchi zote za dunia zilizojulikana. Kitabu hicho kilikamilika mwaka 1154, kwa Kiarabu, pamoja na ramani. Katika maelezo yake ya nchi za Wazanji imo miji ya Malindi na Mombasa.

Nilikaa juu ya benchi mbele ya jumba lile nikatafakari. Miaka karibu 350 kabla ya Vasco da Gama kufika Malindi mwaka 1498, jina la mji huo lilikuwa limekwisha kuandikwa hapa, katika kisiwa cha Ulaya. Na ramani za al-Idrisi ziliweka kusini juu na kaskazini chini, kama ilivyokuwa desturi ya wachoraji wengi wa Kiislamu wa wakati ule. Kwa ramani hiyo, meli yetu kutoka Palermo kwenda Tunis haikuwa ikishuka Afrika. Ilikuwa ikipanda.

Usiku ule tulivuka mlango wa bahari ulio kati ya Sisilia na Tunisia. Ndani palikuwa na muziki na vyakula visivyo na hesabu. Nilitoka nje kwenye sitaha, na binti yangu akanifuata na koti. Tuliyatazama maji meusi, na sote wawili tuliwaza jambo lile lile. Kusini yetu palikuwa na kisiwa cha Lampedusa, ambako tarehe 3 Oktoba 2013 jahazi lililojaa wahamiaji lilizama karibu na pwani na watu zaidi ya 360 wakafa, wengi wao Waeritrea. Tangu hapo wamekufa wengine maelfu kwa maelfu katika bahari hiyo hiyo.

"Baba," binti yangu akasema, "mimi nilikuja kwa ndege, na mkataba wa kazi mkononi."

"Najua, mwanangu," nikamjibu. Hatukusema zaidi. Lakini niliona kwamba maji haya, ambayo leo yamefanywa kuwa ua kati ya mabara mawili, kwa sehemu kubwa ya historia yalikuwa barabara.

Asubuhi tukaingia La Goulette. Teksi ilitupeleka Carthage, ambayo sasa ni kitongoji cha watu wenye nafasi, nyumba nyeupe na maua ukutani. Tulipanda kilima cha Byrsa, ambacho ndicho kilichokuwa ngome ya mji. Chini yetu palionekana vidimbwi viwili vya maji vilivyotulia, kimoja cha mviringo. Hicho ndicho kilichokuwa bandari ya kivita. Mwandishi wa kale Appian anasema ilikuwa na nafasi ya merikebu 220. Leo yamezungukwa na bustani za watu.

Hapo ndipo nilipoanza kumjibu mwanafunzi wangu, kimoyomoyo.

Kwanza, sisi hatukuwa Carthage, si kwa urahisi huo. Mji ule ulianzishwa na Wafoinike waliotoka Tiro, katika nchi ambayo leo ni Lebanon. Waliwatoza wenyeji, wakulima wa Libya, kodi nzito. Katika vita vya kwanza na Roma, vilivyodumu tangu 264 hadi 241 K.K., waliwanyang'anya nusu ya mavuno yao. Vita vilipokwisha wenyeji waliungana na askari wa kukodiwa wasiolipwa mishahara, wakaasi. Polybius anaeleza kwamba wanawake walitoa mapambo yao kuchangia uasi huo. Carthage iliuzima kwa ukatili mkubwa.

Pili, sisi hatukuwa nje ya vita. Jeshi la Hannibal lilikuwa na Walibya, Wanumidia, watu wa Hispania na Wagalia. Wapanda farasi wa Kinumidia, wenyeji wa sehemu za Algeria na Tunisia ya leo, walikuwa hodari kupita wote, na ndio waliomsaidia kushinda huko Italia. Lakini mwaka 202 K.K., huko Zama, Hannibal alipopambana na Scipio katika ardhi ya Afrika yenyewe, mfalme Masinissa wa Numidia alikuwa upande wa Roma na wapanda farasi 4,000. Waliwafukuza wapanda farasi wa Hannibal, kisha wakarudi wakampiga kwa nyuma. Siku ile ndiyo iliyoamua vita.

Masinissa alikuwa na sababu zake, naye alipata ufalme mkubwa. Lakini vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mwaka 146 K.K. Warumi waliiteketeza Carthage, na watu wapatao 50,000 waliosalia wakauzwa utumwani. Miaka arobaini baadaye ikafika zamu ya Numidia: Jugurtha, mjukuu wa Masinissa, alikamatwa mwaka 105 K.K., akapelekwa Roma kwa minyororo, akafia gerezani.

Hapa sina budi kutubu kosa jingine. Niliwafundisha watoto kwamba Warumi waliilima Carthage na kumwaga chumvi ili kisiote kitu. Hakuna mwandishi yeyote wa kale aliyesema hivyo. Ni nyongeza ya vitabu vya nyakati zetu. Kinyume chake, Warumi waliitamani sana ardhi ile. Waliifanya jimbo lao, likawalisha ngano kwa karne nyingi. Na jimbo hilo waliliita Africa, kwa jina la wenyeji waliowaita Afri.

Niliposimama juu ya Byrsa ndipo uzito wa jambo hilo uliponishukia. Jina ambalo leo tunajivunia, ambalo limo katika wimbo wetu wa taifa, lilianza kuwa jina la nchi katika daftari la mshindi, likihusu kipande kidogo cha ardhi kilichokuwa mbele ya macho yangu. Baadaye likatanda bara zima. Siwezi kusema nililichukia. Walioshindwa na wazao wa walioshindwa wamelibeba mpaka likawa lao. Lakini mwalimu anayefundisha Waafrika anapaswa kujua lilikotoka.

Safari iliyobaki, meli yetu ilifuata njia ya maisha ya Hannibal bila ya wenye meli kukusudia. Kutoka Carthage alipelekwa Hispania akiwa mtoto wa miaka tisa, akiwa amekula kiapo mbele ya baba yake kwamba hatakuwa rafiki wa Roma kamwe. Sisi tukaenda Barcelona. Kisha akapita kusini mwa Ufaransa. Sisi tukatia nanga Marseille, mji wa Wagriki waliokuwa marafiki wa Roma. Kisha akashuka Italia. Sisi tukarudi Genoa, mji ambao ndugu yake, aliyeitwa Mago kama yule mwandishi, aliubomoa mwaka 205 K.K. kwa kuwa ulikuwa na Roma. Yeye alitembea kwa miguu na kupoteza maelfu ya watu katika theluji, kwa sababu Roma ilikuwa imekwisha kuitawala bahari. Sisi tulikwenda kwa siku tatu tukila matunda.

Nilirudi nyumbani Oktoba. Yule mvulana sasa ni mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Tanga, na mara nyingi nimepita mbele ya duka lake nikijifanya nina haraka. Safari hii niliingia.

"Shikamoo mwalimu," akasema, akainuka kunipa kiti.

"Marahaba." Nikamweleza nilikokwenda, nikamkumbusha Ijumaa ile, nikamwomba radhi.

Alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwalimu, hilo swali silikumbuki kabisa. Majani nayakumbuka. Yalikuwa na upupu."

Nikamwomba radhi mara ya pili, kwa ajili ya upupu. Akaagiza chai. Tulipokwisha kunywa akanyamaza kidogo, kisha akaegemea meza yake ya kuuzia. "Enhe," akasema, "kwani tulikuwa upande gani?"

Nilimjibu kwa muda wa saa nzima, na wateja wawili waliokuja kununua misumari wakasahau kilichowaleta.