Maduka ya Vitabu vya Dini: Kutoka Baghdad Hadi Majengo ya Moshi

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya.

Ndugu msomaji, mwanafunzi mmoja wa darsa yetu ya baada ya Alasiri hapa Majengo alitujia hivi karibuni akiwa na simu mkononi, akatusomea sharti za udhu kutoka katika Safinatun-Najaa. Alipofika kwenye sharti ya kutoitakidi faradhi yoyote katika faradhi za udhu kuwa ni sunna, akasoma kinyume chake, kwani katika nakala yake herufi ya kukanusha ilikuwa imeanguka. Hukumu ikageuka juu chini. Tukamuuliza nakala hiyo ameitoa wapi. Akasema katumiwa na mwenzake, na mwenzake naye katumiwa na mtu wa Arusha. Tukamwambia aende akanunue kitabu. Akatutazama kwa mshangao, akasema: "Sheikh, nikanunue wapi?" Hatukuwa na jibu.

Zamani jibu lilikuwepo, na lilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka msikitini. Ndipo tukaona tuandike kidogo juu ya tarehe ya maduka haya, yalivyotufikia na yalivyotuondokea.

Warraaqina

Umma huu uliwafahamu wauza vitabu mapema mno. Al-Ya'qubi, katika kitabu chake Al-Buldan alichokimaliza mwaka 278 Hijria (891), ametaja kuwa katika kitongoji kimoja tu cha Baghdad palikuwa na maduka ya warraaqina zaidi ya mia moja. Warraaq hakuwa muuzaji tu. Alinakili, alisahihisha, alijalidi na aliuza karatasi, na dukani kwake wanavyuoni walikaa wakabishana mpaka jua likazama. Imesimuliwa kuwa Al-Jahidh, aliyefariki mwaka 255 Hijria, alikuwa akikodi maduka hayo akalala humo ili asome usiku kucha. Aliyetusimulia hayo ni Ibn An-Nadim, ambaye mwenyewe alikuwa warraaq, na ndiye aliyetuachia Al-Fihrist mwaka 377 Hijria (987). Zingatia jambo hili: orodha kubwa kabisa ya vitabu vya karne zile imeandikwa na mtu wa duka.

Huku kwetu pwani vitabu viliandikwa kwa mkono muda mrefu, na mwenye nakala ya Minhaj alikuwa mtu wa kutembelewa. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kati ya 1870 na 1888, ndiye aliyeleta mtambo wa chapa za Kiarabu, na kuanzia miaka ya 1880 ukachapa vitabu vya Kiibadhi, kikiwemo Qamus Ash-Sharia. Vya Kishafi vilikuja kwa meli kutoka Misri, na vingine kutoka Bombay. Baadaye yakaja maandishi ya Kiswahili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947) alianzisha Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932. Sheikh Abdullah Saleh Farsy (1912-1982) alichapishiwa vitabu vyake vingi vidogo vidogo Zanzibar na duka la Mulla Karimjee Mulla Mohamedbhai na Wanawe. Mombasa nako walikuwepo kina Sidik Mubarak na Adam Traders. Ukitazama majina haya utaona kuwa mchapishaji na muuzaji alikuwa mtu mmoja. Aliyeuza ndiye aliyelipa gharama za chapa, na alijua wateja wake wanasoma nini.

Njia ya kuja mlimani

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikaunganishwa na ile ya Voi, yaani na Mombasa. Kwa hiyo Moshi, ingawa iko bara chini ya mlima, ilikuwa na milango miwili ya pwani. Walimu waliosoma Tanga, katika chuo cha Shamsul Maarif cha Sheikh Muhammad Ayub, walikuja na silsila ya vitabu vya huko, na vilivyochapwa Mombasa vilipitia Taveta. Majengo, mtaa wa Waislamu wengi, ndipo vilipokuwa vinashushwa.

Duka tunalolikumbuka sisi lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao. Mbele palikuwa na tasbihi, kofia na chupa za marashi, kwa sababu hakuna aliyewahi kula kwa kuuza vitabu peke yake. Nyuma ndiko kulikokuwa na rafu. Juzuu Amma zilifungwa kwa kamba mafungu mafungu. Maulidi ya Barzanji yalikaa karibu na mkono, maana yalitoka kila mwezi wa Mfunguo Sita. Juu kabisa vilikaa vile vya Misri vya karatasi ya njano, vyenye sherehe pembezoni, visivyojalidiwa, ukinunua unapeleka mwenyewe kwa fundi.

Mzee wa duka alikuwa na desturi iliyotuudhi. Ukiomba kitabu anauliza: "Mwalimu wako nani? Mmefika wapi?" Tulipokwenda na ujana wetu kutaka Fat'hul-Muin, hali ya kuwa hatujamaliza Matni ya Abu Shujaa, alikataa kutuuzia. Tulikwenda kumshitakia sheikh wetu, naye akacheka akasema mzee kafanya kazi yake. Leo tunafahamu kuwa yule alikuwa sehemu ya madrasa ingawa hakulipwa na madrasa yoyote. Alikuwa pia na neno lake kuhusu misahafu. Hakusema "bei ya msahafu", alisema "badali ya karatasi na jalada". Asili ya adabu hiyo iko katika fiqhi. Imam An-Nawawi katika At-Tibyan ameeleza kuwa kuuza na kununua msahafu kunasihi, kununua hakuna karaha, ama kuuza kuna kauli mbili, na iliyo sahihi zaidi, nayo ni nassi ya Imam Shafi'i, ni kuwa ni makruhu. Wauzaji wa Kihindi nao husema hadiya. Mzee hakusoma At-Tibyan kwa tunavyojua, lakini aliirithi.

Miaka ya dhiki na miaka ya kanda

Wengi husema simu ndiyo iliyoua maduka. Haya si kweli yote. Pigo la kwanza halikuwa na uhusiano na simu. Mwaka 1976 ilipita Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa sehemu nyingi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kwa mtu wa Dar es Salaam hilo lilikuwa habari ya gazetini. Kwa Moshi ni kukatwa mkono. Tafsiri kamili ya Sheikh Farsy, Qurani Takatifu, ilitolewa na Islamic Foundation ya Nairobi mwaka 1969. Sasa ikawa ng'ambo ya kizuizi cha Holili. Tuliosoma miaka ile tunakumbuka nakala moja ikizunguka nyumba saba. Fedha za kigeni nazo hazikuwepo za kuagizia Misri. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na mfanyabiashara mwenye bidhaa za nje stoo, hata zikiwa ni vitabu, hakulala vizuri.

Maduka yaliyovuka miaka ile yalipumua baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Na hapo ndipo kanda zilipoingia. Mihadhara ya Ahmed Deedat, na darsa za masheikh wetu kama Sheikh Nassor Bachu wa Zanzibar (Allah amrehemu, alifariki 2013), zilienea kwa kaseti. Duka la Majengo likagawanyika: nusu vitabu, nusu kanda, kisha robo vitabu. Kanda ilikuwa na faida ya haraka na haikutaka kujua kusoma. Lakini ilikuwa na aibu yake, nayo ni kwamba ilirudufiwa kwa redio ya mikanda miwili nyuma ya pazia, na mhadhiri mwenyewe hakupata hata nauli. Zikaja sidii, kisha mtu akawa anapeleka memori kadi ajaziwe mawaidha kwa bei ya soda. Kisha hata hilo likaisha, kwani mawaidha yote yako mtandaoni.

Jambo la tatu ni zito kulisema, kwa sababu asili yake ni kheri. Mwaka 1405 Hijria (1984) lilifunguliwa Jumba la Mfalme Fahd la kuchapa Qur'ani mjini Madina, na misahafu ya waqfu ikafika hadi vijiji vya Machame na Kibosho. Tafsiri ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani ilipotoka mwaka 1995, nayo wengi waliipata kwa kugaiwa. Allah awalipe waliotoa. Lakini muuzaji aliyekuwa akipata riziki yake kwenye misahafu, na kwa faida hiyo akiweza kuweka rafuni Safina kumi zisizotoka haraka, aliondokewa na nguzo. Na baadhi yetu wakafanya baya zaidi: misahafu iliyogongwa muhuri wa waqfu ikaonekana inauzwa sokoni. Waqfu hauuzwi, hautolewi zawadi wala haurithiwi, hayo ndiyo masharti ya waqfu wa Sayyidna Umar (R.A.) wa ardhi ya Khaybar, na hadithi yake iko katika Bukhari. Mwenye kuuza alichukua haramu, na juu ya hilo alimshinda kwa bei muuzaji wa halali.

Yaliyobaki msomaji anayajua. Programu za vitabu vya Kiarabu zimemwekea mwanafunzi maelfu ya majalada katika kompyuta moja, neema ambayo wazee wetu hawakuiota, na sisi wenyewe tunazitumia kila siku. Hata huko Marekani, kampuni ya Borders ilifilisika mwaka 2011 ikafunga maduka 399 yaliyobaki. Lakini Borders haikuwa ikiuliza mwalimu wako nani. Na majirani zetu Walutheri, ambao hapa hapa Moshi wana kiwanda chao cha uchapaji, waliifanya kazi ya vitabu kuwa jukumu la kanisa. Sisi tuliliacha juu ya mabega ya mzee mmoja na watoto wake.

Nasi tumo

Katika miaka ya 2000 tulikuwa na wanafunzi thelathini wa Fat'hul-Qarib. Tulinunua nakala moja kwa mzee, tukaipeleka kwenye duka la kutolea kopi, tukatoa thelathini. Kila kopi ilikuwa rahisi kwa karibu nusu ya bei. Tulijiona tumewasaidia mayatima. Mzee alituona tukipita na mzigo, akatutolea salamu kama kawaida.

Je, sheria inasemaje? Matni ya Abu Shujaa na sherehe zake za kale hazina mwenyewe leo, na elimu haizuiliwi. Ama chapa iliyosahihishwa na mhakiki, ikapangwa na kugharamiwa na mchapishaji, hiyo ina haki. Majma'ul-Fiqhil-Islami, katika kikao chake cha tano Kuwait, Desemba 1988, kwa azimio namba 43, imepitisha kuwa haki za utunzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Sheria ya Hakimiliki ya nchi yetu ya mwaka 1999 nayo imesema yake. Tusijifiche nyuma ya neno "fi sabilillah" kwa mali ya mtu mwingine. Anayerusha leo kitabu cha mwandishi aliye hai katika makundi ya simu, pasi na idhini yake, hana tofauti na sisi na kopi zetu thelathini, ila yeye hutuma kwa watu elfu.

Mzee alipofariki, watoto wake waliuza kanzu, kisha vifuniko vya simu. Vitabu vilivyobaki vilitiwa katoni, na mwaka jana waliletwa watu wa msikiti kuvitazama. Vingi vilikuwa vimeliwa na mchwa. Ndani ya katoni moja palikuwa na daftari la madeni, na katika ukurasa wa mwaka 1988 tulikuta jina letu: Umdatus-Salik, shilingi 180, bila alama ya kulipwa.

Deni la maiti ni haki ya warithi. Katika kikao kile kile cha Kuwait, azimio namba 42 limeamua kuwa deni la sarafu hulipwa kwa mfano wake, si kwa thamani yake. Kwa hiyo lililotuwajibikia ni shilingi 180, ambazo leo hazinunui hata andazi. Lakini kuzidisha wakati wa kulipa, bila ya kushurutishwa, ni katika Sunna, Mtume (S.A.W.) alikopa ngamia mdogo akalipa aliye bora kuliko yeye. Tulikwenda kwa mtoto mkubwa wa marehemu na bei ya leo ya kitabu hicho, na malipo ya Fat'hul-Qarib ishirini na tisa ambazo baba yake hakuuza kwa sababu yetu. Za Umdatus-Salik alizipokea. Za Fat'hul-Qarib alizirudisha, akasema baba yake hakuziandika daftarini. Tukamwomba basi atuuzie Safina sita zilizosalimika na mchwa, na ya kwanza akaichukua yule mwanafunzi wetu.

Wallahu a'lam.