Miaka Tisini ya Kuisogeza Filamu hadi Ziwa Mweru

Mwishoni mwa mwaka 1935 lori moja lilikuwa likizunguka Tanganyika na nchi jirani likionyesha filamu kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona picha ikitembea. Makao ya mradi huo yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Waliouongoza ni L. A. Notcutt na G. C. Latham, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, nchi tunayoiita Zambia leo. Baraza la Kimataifa la Wamisionari ndilo lililouanzisha, baada ya uchunguzi wake kuhusu maisha ya wafanyakazi kwenye migodi ya shaba, na Shirika la Carnegie la New York likatoa fedha. Hadi mradi unafungwa mwaka 1937, filamu 35 zilikuwa zimetengenezwa.

Filamu hizo za milimita 16 hazikuwa na sauti ndani yake. Sauti ilikuwa kwenye santuri, nayo ilipaswa kuanza sawia na picha. Santuri ikichelewa kidogo, msimulizi anazungumzia jambo lililokwisha kupita. Lakini usumbufu huo ulikuwa na faida: picha ile ile iliweza kuonyeshwa kwa Kiswahili Tanganyika, kisha ikasimuliwa kwa lugha nyingine ng'ambo ya mpaka kwa kubadilisha santuri tu. Leo huduma za filamu kwa njia ya intaneti hufanya vivyo hivyo. Picha huhifadhiwa peke yake na sauti za lugha mbalimbali peke yake, na simu ya mtazamaji ndiyo inayoziunganisha.

Tatizo lililolitoa lori hilo Vugiri halijaisha. Filamu iko mahali fulani, mtazamaji yuko mbali, na lazima kimoja kimfuate mwenzake. Ukitaka kuona jinsi kila kizazi kilivyolikabili, simama Nchelenge.

Mwisho wa njia

Nchelenge iko kaskazini mwa Jimbo la Luapula, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Kwa barabara ni karibu kilomita 1,000 kutoka Lusaka, kupitia Mansa. Ng'ambo ya maji ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye miji ya Kilwa na Pweto, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko. Upande wa Zambia watu husema Kibemba na lugha za jirani zake, lakini Kiswahili kimevuka pia, kwa biashara ya samaki na kwa wakimbizi. Tangu mwaka 2018 wilaya hii ina makazi ya Mantapala, waliko Wakongo waliokimbia vita katika majimbo ya Kongo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Gati na soko la Kashikishi vinaishi kwa chisense, dagaa wa ziwa hili wanaovuliwa usiku kwa taa.

Redio ilitangulia kuwafikia watu wa mbali kama hawa. Kituo cha Lusaka kilianza mwaka 1941, na mwaka 1949 ikaingia sokoni redio ndogo ya betri iliyouzwa pauni 5, umbo lake kama sufuria, ambayo mkuu wa habari Harry Franklin aliwashawishi watengenezaji wa Uingereza kuiunda kwa ajili ya wasikilizaji wasio na umeme. Televisheni ilifuata mwaka 1961, ikianzia Kitwe, mji wa migodi, kwa sababu fedha na umeme vilikuwa huko. Zanzibar ilipata yake, tena ya rangi, mwaka 1973. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994.

Utangazaji wa namna hiyo una sifa moja ambayo wahandisi wa leo wanaitamani. Mtambo ukishawaka, wakitazama watu kumi au watu laki moja, gharama ya kurusha haibadiliki. Wimbi ni moja, kila mwenye antena analichota. Ubaya wake ni kwamba mtazamaji hana sauti: taarifa ya habari ina saa yake, na mchezo uliokupita umekupita.

Kanda ya video ilimpa mtazamaji uwezo wa kuchagua. Kuanzia miaka ya 1980 vibanda vya kuonyeshea video vilienea Afrika Mashariki na Kati. Tanzania tukaviita vibandaumiza. Dar es Salaam wakatokea wasimulizi kama Lufufu, waliotafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuongeza chumvi zao, na Uganda kukawa na wenzao. Baadaye zikaja diski, kisha flashi na kadi za simu. Kijana mwenye kompyuta moja sokoni aliweza kumpakia mteja filamu kumi kwa dakika chache. Haki za wenye kazi zilikanyagwa, hilo halina ubishi. Lakini kiufundi mpango ulikuwa sahihi: nakala ilikaa hatua chache kutoka kwa mtazamaji, na ilichezeka bila mtandao wowote.

Uzito wa picha

Zambia haikuchelewa kwenye intaneti. Novemba 1994 kampuni ya Zamnet, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Zambia, iliifanya nchi hiyo kuwa ya kwanza kusini mwa Sahara, ukiacha Afrika Kusini, kuunganishwa kikamilifu. Barua pepe zilipita vizuri. Video haikuwezekana, na hesabu inaonyesha sababu.

Picha ya televisheni ya kisasa yenye nukta 1,920 kwa 1,080, ikibadilishwa mara 25 kwa sekunde bila kubanwa, inahitaji zaidi ya megabiti 1,200 kila sekunde. Hakuna nyumba inayopokea kiasi hicho. Kodeki, yaani programu za kubana picha, ndizo zilizofungua njia: hutunza kilichobadilika kati ya picha moja na inayofuata, na kutupa ambacho jicho halitakigundua. Kodeki ya H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, iliwezesha picha hiyo kupita kwa megabiti 5 hivi. Hata hivyo filamu ya dakika 90 bado ni gigabaiti 3.4. Ukiibana mara kumi zaidi kwa ajili ya kioo kidogo cha simu, inabaki megabaiti 340. Modemu ya kilobiti 28.8 ya miaka ya 1990 ingetumia zaidi ya saa 26 kuileta.

Kubana nako kuna gharama. Kodeki mpya, kama AV1 iliyotoka mwaka 2018, hutumia data kidogo zaidi kwa picha ile ile, lakini simu isiyo na chipu ya kuifumbua hulazimika kuifumbua kwa nguvu ya prosesa, na betri ndiyo inayolipa. Kwa hiyo mwenye huduma hulazimika kutunza filamu moja kwa kodeki kadhaa na kwa ukubwa kadhaa. Desemba 2015 Netflix ilieleza hatua nyingine: kila filamu ipimwe peke yake, kwa kuwa katuni yenye rangi tulivu haihitaji biti nyingi kama filamu ya mapigano.

Vipande vya sekunde chache

Kati ya 2007 na 2009 wahandisi waliachana na wazo la kutuma filamu kama mkondo mmoja mrefu. Waliikata vipande vya sekunde chache, kila kipande kikiwa na nakala za ubora tofauti. Microsoft ilitoa mfumo wake mwaka 2008, Apple wa kwake mwaka 2009, na kiwango cha pamoja cha DASH kikachapishwa mwaka 2012. Simu hupima jinsi kipande kilichopita kilivyofika, kisha huomba kinachofuata kwa ubora inaoumudu. Mtandao ukiwa mzuri, sura za waigizaji zinang'aa. Ukizidiwa, picha inakuwa ya ukungu lakini haisimami. Akiba ya vipande ikiisha, ndipo kile kiduara kinapoanza kuzunguka.

Ugumu wa Nchelenge uko katika upimaji huo. Mnara wa simu una uwezo maalumu, na wote walio chini yake wanagawana. Tuchukue mfano wa upande mmoja wa mnara wenye megabiti 30 kwa sekunde. Ukitaka megabiti 3 kwa kila mtazamaji, watazamaji kumi wanaumaliza, na bado hujawahesabu wanaotuma pesa kwa simu na wanaotuma picha za mzigo wa samaki. Jioni, saa ambayo wengi wako huru, ndiyo saa ambayo mnara umelemewa. Vipimo hupanda na kushuka kila dakika, simu ikikisia vibaya inaomba kipande kizito wakati njia imeziba. Serikali ya Zambia iliongeza minara vijijini kwa mradi wa minara 1,009 uliojengwa na Huawei, lakini mnara unaleta mawimbi tu. Kinachopita juu yake kinategemea njia inayouunganisha na dunia.

Na Zambia haina pwani. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofunguliwa Julai 2009, Mombasa na Dar es Salaam ziliupokea moja kwa moja. Data ya kwenda Zambia ilibidi ivuke nchi kavu, kupitia Tanzania, au kusini, na tangu 2012 kupitia Namibia ulikotua mkongo wa WACS. Kila mpaka una mwenye njia na ada yake, na mkongo ukikatwa na greda la barabara huko mbali, filamu inakwama Kashikishi.

Seva inahamia jirani

Jibu lilikuwa lile la yule kijana wa flashi, safari hii kwa leseni. Kuanzia mwaka 2011 Netflix ilitengeneza seva zake na kuziweka bure ndani ya mitandao ya kampuni za intaneti. Usiku, njia zikiwa tupu, seva hujazwa filamu zinazokisiwa kupendwa kesho. Mchana mtazamaji anahudumiwa kutoka hapo bila kuvuka bahari. Google nayo ilifanya hivyo kwa YouTube. Vituo vya kubadilishana data, kama cha Nairobi, cha Dar es Salaam na cha Lusaka, vilipata umuhimu mpya kwa sababu seva moja iliyo karibu navyo inahudumia mitandao mingi.

Netflix ilipofungua milango katika nchi zaidi ya 130 kwa mkupuo, Januari 6, 2016, Zambia ilikuwamo. Showmax ya Afrika Kusini, iliyoanza Agosti 2015, ilifika nchi 36 za Afrika Mei 2016. Lakini seva ya Lusaka bado iko kilomita 1,000 kutoka ziwani, na kipande cha mwisho cha njia ndicho chembamba kuliko vyote.

iROKOtv ya Jason Njoku, iliyojengwa juu ya filamu za Nigeria, ililisoma tatizo hilo mapema. Mwaka 2015 ilielekeza nguvu kwenye programu ya Android ya kupakua, na Lagos ikafungua vibanda ambako mteja alihamishiwa filamu kwenye simu bila kutumia bando lake. Netflix iliruhusu kupakua Novemba 2016. Huduma zilizoanza na dhana ya kila nyumba kuwa na waya zilikuwa zimekubali desturi ya vibanda vyetu.

Kupakua kukaleta kikwazo kingine. Wenye filamu hudai nakala ifungwe kwa ufunguo, na mifumo ya ufunguo kama Widevine, iliyonunuliwa na Google mwaka 2010, hukagua kama simu ina sehemu salama ndani ya chipu. Simu ya bei rahisi isiyo nayo hupewa picha ya ubora wa chini tu. Malipo nayo yalikuwa ukuta: huduma nyingi zilianza kwa kudai kadi ya benki, wakati mchuuzi wa samaki anatumia Airtel Money au MTN, na kipato chake hupungua kuanzia Desemba hadi Februari, miezi ambayo uvuvi hufungwa. Ada ya mwezi haifanani na maisha ya namna hiyo. Kuna pia umeme: ukame wa 2024 uliyashusha maji ya bwawa la umeme la Kariba, na mgao wa saa nyingi ukazima televisheni majumbani na kumaliza betri za minara.

Starlink iliingia Zambia Oktoba 2023. Setilaiti zake ziko kilomita 550 hivi juu, tofauti na zile za zamani za kilomita 35,786 ambazo swali na jibu lake vilichukua karibu nusu sekunde. Kwa ufuko ulio mbali na mkongo hilo ni badiliko la kweli. Hata hivyo kila mtazamaji bado anavuta filamu yake mwenyewe kutoka angani. Watu ishirini wakitazama mchezo mmoja, unashuka mara ishirini.

Anayetaka kuwahudumia watu wa Mweru kwa filamu, basi, ana kazi inayojulikana. Aweke seva Mansa, au Nchelenge penyewe, ijazwe usiku na iwe na betri yake. Simu ipakue alfajiri, mnara ukiwa umetulia. Bei iwe ya siku, ilipwe kwa simu. Na kwa kuwa Mantapala wanasikia Kiswahili na Kashikishi Kibemba, aweke sauti zote mbili kando ya picha moja, gharama ambayo Vugiri waliimudu mwaka 1935 kwa santuri.